Gauni Kwenye Roketi

Usiku ule nililala na njaa, kwa hiyo msije mkaniambia ilikuwa ndoto ya shibe. Umeme ulikatika kabla sijapika, nikasema potelea mbali, nikanywa maji, nikajitupa kitandani. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema mwenye tumbo tupu haoti ila chakula. Mimi nilimwota Kondo.

Kwanza niwaeleze Kondo ni nani, maana nikianza na ndoto mtadhani nimechanganyikiwa. Tulikuwa watatu: Kondo, Sabas na mimi Mwantumu. Tumekulia mji huu huu wa kiwanda cha sukari, ambako ukianika nguo siku wanachoma miwa unazianua zina masizi, na harufu ya molasi huisikii tena mpaka usafiri urudi. Tulipokuwa sekondari tulitengeneza roketi. Ndiyo, roketi. Watu wa nje nikiwaambia hucheka, lakini za kwetu ziliruka. Mwili wake ulikuwa bomba la plastiki la maji. Baruti alipika Sabas, kwa sukari na vitu vingine ambavyo sivitaji mbele ya watoto wa watu. Parachuti niliishona mimi kwa vitambaa vya miavuli mibovu, kwa mkono, kabla sijamiliki cherehani. Akili ya mambo yote alikuwa nayo Kondo, sisi wengine tulikuwa mikono yake.

Siku moja roketi ndogo ilimlipukia Sabas ikamwondolea nyusi zote mbili. Mama yake alimchapa huku analia. Kondo hakulala siku hiyo, na kesho yake akaja na sharti. Kuanzia leo, akasema, kila mmoja wetu ana namba yake ya kuhesabu. Tatu ni ya Mwantumu, mbili ni yangu, moja ni ya Sabas. Kila mtu aseme yake kwa kinywa chake, na mmoja akinyamaza, roketi hairuki. Na aliyenyamaza haulizwi kwa nini, maana mtu akiwa na wasiwasi hawezi kujieleza vizuri, na ukimbana atasema namba yake kwa aibu tu. Mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza kwa sababu mbuzi wa watu walikuwa wanalisha karibu. Hakuna aliyenikemea. Tulibeba vitu vyetu tukarudi nyumbani, njiani tukila miwa.

Halafu tukatengeneza ile kubwa, nyekundu, yenye pete nyeupe, ndefu kama Sabas mwenyewe. Shule ikaalika mji mzima. Akaja pia mgeni kutoka jijini, mtu wa chuo cha ufundi, ambaye alikuwa ameahidi kwamba akipendezwa na atakachokiona atamtafutia Kondo nafasi ya kusoma. Watoto wadogo walikaa mbele kabisa, kwenye kamba ya kuzuia watu. Nikasema tatu. Kondo akasema mbili, kwa sauti ya mtu anayetangaza ndoa. Sabas akanyamaza.

Tulingoja. Kondo akarudia mbili. Sabas alikuwa ameinamisha kichwa, kimya. Ndipo Kondo akafanya kile alichotukataza mwenyewe, akamuuliza kwa nini, mbele ya kadamnasi. Sabas akatikisa kichwa tu. Mtu mmoja huko nyuma akacheka, kisha uwanja mzima ukacheka. Mgeni akatazama saa, akasema atakuja siku nyingine. Hiyo siku nyingine mpaka leo hatujaiona.

Kondo aliajiriwa kiwandani, kwenye matanuri ya mvuke, akabaki huko mpaka figo zikamshinda. Sabas walimpa jina la Bubu. Akipita karibu na uwanja wa mpira, hakukosekana mhuni wa kupaza sauti, "Tatu! Mbili!" na wenzake wote hunyamaza kimya kwa pamoja, kisha hupasuka kwa kicheko. Mchezo huo uliwafurahisha miaka na miaka, watu wa mji huu hawachoki upesi. Kondo alisikia na hakuwakataza. Mwishowe Sabas alihama, akaenda mbali kutengeneza majokofu, na hakurudi ila mara moja, kwenye mazishi ya Kondo. Alisimama nyuma ya watu wote, akatupa udongo wake, akaondoka kabla ya chakula, hata kwao hakufika.

Mimi nikawa fundi cherehani. Nilipofungua duka Kondo aliniletea zawadi, lile bomba la roketi kubwa, alishalisafisha ndani, akalifunga kwa waya kwenye kenchi ya paa nitundikie magauni yaliyokamilika. Akaniambia nisilikwangue rangi. Nikamjibu rangi ni rangi, au umeioa? Hakucheka. Na alipolazwa mara ya mwisho, nimekaa naye, ameshavimba mikono, aliniuliza kama bomba lipo bado. Nikamwambia lipo, lina magauni. Akasema basi, akageukia ukutani.

Kwenye bomba hilo kuna gauni moja ambalo halijawahi kuondoka. Ni la Mama Sabas, la kitenge cha rangi ya machungwa, alikileta nimshonee gauni alivae siku mwanawe atakaporudi nyumbani. Kila mwaka anakuja kulijaribu, na kila mwaka yeye amepungua, nami napunguza ubavuni. Macho yake sasa yameingia ukungu, analitambua kwa kulipapasa. Wiki moja kabla ya usiku ule alinishika mkono akaniambia maneno yaliyoninyima raha wiki nzima. Alisema Sabas asipomuwahi, basi nimvike gauni hilo hilo azikwe nalo, lisiende bure. Nilimpigia Sabas simu siku hiyo hiyo. Akanijibu kama anavyojibu siku zote, kwamba mwaka huu mambo hayajakaa sawa. Nilipombana akasema hawezi kupita ule uwanja, na njia ya kwao haina pengine pa kupita.

Basi ndiyo hali niliyolala nayo, usiku ule wa njaa.

Nipo dukani, nashona, na ni mchana. Cherehani inakwenda yenyewe, mimi nimeishikilia tu nguo isikimbie. Ni gauni la Mama Sabas, nalipunguza, na kila nikipunguza naliona bado pana. Nakata, na kinachodondoka chini ni kitambaa cheusi, cha miavuli. Najisemea, mbona hiki nilikimaliza zamani? Nikainua uso, na Kondo amekaa kwenye benchi la wateja.

Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu, ile niliyoitia kiraka gotini. Uso ulikuwa wa yule mvulana wa sekondari, mikono ilikuwa ile ya hospitali. Sikuogopa, ila nilikumbuka maneno ya bibi, kwamba marehemu akikuita ndotoni usiitike, na akikupa chakula usipokee. Nikabana midomo. Kondo hakuniita wala hakunipa kitu. Alikuwa anatazama juu, kwenye bomba.

"Umemtundikia nani hilo gauni?"

Nikamjibu ni la Mama Sabas, la kumpokelea mwanawe. Akalitazama muda mrefu. Nilitaka kumtania kama zamani, nimwambie mtu mzima unaingia dukani kwa watu bila hodi, lakini hakunipa nafasi. Akasimama, na aliposimama duka halikuwa na kuta tena. Tupo uwanjani.

Watu wote wapo. Mgeni yupo kwenye kiti chake, watoto wapo kwenye kamba, wanatafuna miwa. Masizi yanadondoka, yananitua mikononi na hayanichafui. Roketi imesimama, nyekundu kabisa, na juu yake, pale kwenye ncha, limetundikwa gauni la Mama Sabas. Nawaambia watu liondoeni, litaungua. Hakuna anayenisikia. Nawashika mabega mmoja mmoja nikiwaambia mama wa watu hana lingine, nao wanapisha tu mabega yao, wanaendelea kungoja.

Sabas yupo pembeni yangu, hana nyusi. Siku ile sikumtazama vizuri, macho yangu yote yalikuwa kwa Kondo na mgeni wake. Sasa namtazama. Namba yake ameishika mdomoni, anaitafuna. Na wala haangalii roketi. Anaangalia watoto walio kwenye kamba, anawapitia mmoja mmoja, na mdogo wangu wa mwisho yuko pale amekunja miguu.

Nikasema tatu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kisichana, ya zamani. Nikangoja mbili ije, ile ya kutangaza ndoa. Haikuja. Nageuka, na Kondo ameziba mdomo kwa mikono yake yote miwili, ile iliyovimba.

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kuinuka, kimyakimya, wanakung'uta nguo, wanaondoka kama wanavyoondoka watu msibani dua ikiisha. Kiti cha mgeni kikabaki kitupu. Sabas simwoni tena, naona kandambili zake tu kwenye nyasi, zimeelekea barabarani. Tumebaki Kondo na mimi, na roketi, na gauni juu yake linapepea.

"Wa kunyamaza nilikuwa mimi," Kondo akasema.

Nikamwambia uongo, wewe ulisema, tena mara mbili, nilikusikia kwa masikio yangu. Hakubishana nami. Akanishika kidole. Bibi hakuwahi kuniambia nifanye nini marehemu akinishika, basi nikamwachia. Mkono wake ulikuwa wa moto, moto wa kiwandani. Akakipitisha kidole changu kwenye bomba, chini ya pete nyeupe ya pili, polepole, kutoka juu kwenda chini. Chini ya rangi kuna kitu kimevimba kidogo, chembamba, kirefu, kinakwenda hakiishi.

"Wewe ni fundi. Mshono huujui?"

Ninaujua. Nilihisi machozi yananijia na sikujua ni ya hasira au ya huruma. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini hukumwambia mwenyewe? Ulikuwa hai, ulikuwa na miguu, ulikuwa na simu. Kondo akatazama kandambili za Sabas. Nilimwona anataka kuinama aziokote, azipange vizuri, na mgongo unakataa.

"Nilidhani ipo siku," akasema. Kisha akasema, "Mwambie mapema."

Akaanza kwenda kwenye miwa. Hakuniambia twende. Miwa inamfunika magoti, inamfunika kiraka, inamfunika mabega, na mimi nimesimama nimekiinua kidole changu, bado kina moto.

Nikaamka nakwangua ukuta. Nje kulikuwa kumekucha, jirani anafagia ua wake. Jambo la kwanza nililohisi, na Mungu anisamehe, ni hasira. Kondo yule yule aliyekaa kwenye benchi langu miaka yote ile, akinywa chai yangu, akisikia vijana wanamwita mwenzetu Bubu, ndiye sasa anakuja kunituma kama mtoto anayetumwa chumvi dukani. Nikavaa, nikatoka bila kunawa vizuri.

Nilifungua duka, nikaliteremsha gauni la Mama Sabas, nikaliweka juu ya meza. Nikapanda kigoda na mkasi wa kukatia vitambaa. Fundi yeyote atakwambia mkasi ule haukatiwi hata karatasi. Nikakwangua nao rangi. Chini ya pete ya pili iliachia vipande vipande, na ndani yake kulikuwa na gundi iliyogeuka manjano, imeziba ufa mrefu kama kuanzia kiwiko changu mpaka kiganjani. Nikashuka, nikaketi sakafuni kwenye vipande vya nguo.

Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nalo siku zote bila kulitilia maanani. Jioni ya kuamkia siku ile Kondo alikuja nyumbani kuniomba brashi na rangi nyekundu iliyobaki, na roketi tulikuwa tumeshaipaka, ilikuwa imekauka kabisa. Niliona ni mbwembwe za mtu anayengoja mgeni. Nikampa. Kumbe bomba limepasuka na mgeni yuko njiani, na Kondo akaona kheri azibe, apake, amwachie Mungu. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye asingedanganyika. Sabas alikuwa na tabia ya kugonga kila bomba kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Aligonga lile, akasikia. Angetamka neno moja tu, na kile kicheko chote kingemwangukia Kondo, mbele ya mtu aliyekuja kumtafutia maisha. Hakulitamka. Alijificha kwenye sharti la Kondo mwenyewe, aliyenyamaza haulizwi, akamficha na Kondo humo humo. Watoto wakarudi wazima kwa mama zao, na yeye akaondoka na jina la Bubu.

Na mimi nimetundika magauni juu ya ufa huo miaka yote hiyo. Mimi, ninayemwona mteja akipita barabarani nikajua pindo lake limeshonwa na nani.

Fimbo ya Mama Sabas ikagonga kizingiti. Siku hizi hupita mapema, kabla jua halijawa kali, kulipapasa tu gauni lake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza mbona leo sakafu inalia, maana alikuwa anakanyaga maganda ya rangi. Akanyoosha mkono juu kulitafuta gauni lake kama kawaida, akapapasa, akakuta bomba tupu. Akasimama vile vile na mkono juu.

"Umelitoa la nini?" akauliza taratibu.

Nilijua amefikiria nini, kwamba mwanawe harudi tena. Nikamkalisha kwenye benchi, nikampa gauni alipakate, nikamwambia asubiri kidogo. Nikampigia Sabas. Alipokea upesi, na kabla sijasema lolote akasema, "Mama?" kwa sauti iliyokauka, maana simu ya asubuhi vile huwa haina heri. Nikamwambia mama mzima, yuko hapa, amekaa. Akashusha pumzi. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi ya kuanzia na yote yakanipotea.

"Sabas," nikasema, "bomba lilikuwa na ufa."

Kimya. Kimya kile kile cha uwanjani, nilikitambua. Ulimi uliniwasha kumuuliza kwa nini hukusema, kwa nini hukuniambia hata mimi, lakini sharti ni sharti. Nikangoja. Nilisikia anaweka chombo cha chuma mezani, nikasikia na mtu mwingine huko anamwita, naye haitiki.

Mwishowe akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia Kondo. Kondo tulimzika pamoja, yeye anajua na mimi najua, lakini hakuniona mwendawazimu. Aliuliza amesema nini kingine. Nikamwambia alisema wa kunyamaza alikuwa yeye, na kwamba alidhani ipo siku. Sabas akasema, kwa taabu, kwamba mgeni alikuja kwa ajili ya Kondo, angeanzaje kusema. Kisha akalia. Mtu mzima, na wajukuu. Nami nikalia, na mama yake kwenye benchi akaacha kupapasa kitenge akatega sikio.

Alipotulia akauliza, "Lile gauni, bado linamtosha?"

Nikamtazama Mama Sabas. Alikuwa anafuata mishono kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, miaka yote ya kupunguza imo humo, mstari juu ya mstari.

"Nimelipunguza mpaka hakuna tena pa kupunguza," nikamwambia.

Akakaa kimya tena. Sikumuuliza kitu.

"Moja," akasema, na simu ikakatika.

Mama Sabas aliniuliza mwanawe amesema nini. Nilichukua futi shingoni, nikamshika mkono, nikamwambia asimame nimpime gauni la kumpokelea mwanawe.